Picha ya Wana wa Mkunga

Picha za asubuhi zilifunguka bila shida. Bibi Mkunga akivalishwa viatu, Bibi Mkunga akicheka na majirani wa zamani, viti vikipangwa uani. Halafu ikaja moja ambamo bibi alikuwa akishuka kibarazani: kuanzia kifuani kwenda juu alikuwa yeye mwenyewe, na kuanzia kifuani kwenda chini kulikuwa na kijivu kitupu, kama saruji mbichi. Iliyofuata ilikuwa kijivu yote. Zilizobaki hazikufunguka kabisa.

Mama Picha alichomoa kadi ya kamera, akaifuta kwa upindo wa gauni, akairudisha. Akazima kompyuta, akaiwasha. Majina ya picha yalikuwepo yote, yamejipanga kwenye kioo kama wanafunzi mstarini, ila ukiliita jina hakuna anayeitika. Akainuka kwenda kufungua dirisha, akakuta liko wazi, akarudi kukaa, akainuka tena.

Kazi yenyewe haikuwa ya kuchezea. Bibi Mkunga alikuwa amezalisha nusu ya mtaa, Mama Picha mwenyewe akiwa miongoni mwao. Wanawe wawili, Seremala na mdogo wake Dereva, hawakuwa wamesemezana kwa miaka mingi, kisa kibanda cha useremala ambacho mkubwa alikisogeza hadi pale ambapo mdogo alikusudia kujenga chumba. Siku mama yao alipotimiza miaka themanini kila mmoja alikuja kivyake na kukaa pembe yake. Lakini jua lilipoanza kushuka, bila kusukumwa na mtu, Dereva aliuvuka ua akampa kaka yake mkono, na Seremala akaupokea. Mama yao akaingia katikati, akawashika viwiko, na Mama Picha akafyatua kamera mpaka kidole kikamuuma. Bibi alimwambia siku ileile kwamba hizo nyingine atakazompa ni zawadi tu. Anayoitaka ni hiyo moja, kubwa, ya kuweka ukutani.

Na hiyo moja ilikuwa kati ya majina yasiyoitika.

Mume wa Mama Picha alikuwa kibarazani akifuta lenzi. Watu walimwita Stoo, kwa sababu alikuwa ametunza stoo ya kiwanda cha sabuni tangu ujana wake. Kiwanda kilifungwa, jina likabaki. Tangu hapo alikuwa akijipachika kwenye kazi ya mkewe, katika chumba cha mbele walichokigeuza studio: anachaji betri, anapanga viti, anawashika watoto kidevu wasiangalie pembeni. Alikuwa amemsikia mkewe akilalamika kwamba kadi zake ndogo zinajaa katikati ya sherehe, na siku moja akarudi na kadi kubwa kuliko zote walizowahi kuziona, ndani ya pakiti inayong'aa, aliyoinunua kwa mtu aliyetandaza bidhaa juu ya boneti ya gari. Juu yake alipewa flashi mbili za kompyuta kama nyongeza. "Hii inabeba mpaka wajukuu," alisema, na majirani wakacheka, na Mama Picha naye akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu kumwona akitembea kifua mbele. Hakuwa na moyo wa kumuuliza ilikuwaje kitu kikubwa hivyo kikauzwa kwa bei ya chini kuliko kile kidogo.

Sasa alimwita, akamwonyesha kioo. Stoo aliinama, akatazama kwa muda mrefu kama mtu anayesoma maandishi ya lugha asiyoijua. Kisha akasema labda ni kompyuta. Mama Picha alimwambia si kompyuta. Akasema labda ni waya. Alimwambia hakuna waya. Hapo Stoo akairudia lenzi yake, akaifuta palepale alipokwisha kufuta.

"Basi nifanye nini?" aliuliza hatimaye.

"Kaa," Mama Picha akasema. "Ukikaa, hasara inakuwa ndogo."

Stoo alikaa. Alikaa kweli, kwenye kigoda cha wateja chini ya ile taa kubwa, mikono juu ya magoti, kama aliyekuja kupigwa picha ya kitambulisho. Mama Picha aliona alichokifanya, akageuka upande mwingine.

*

Mwenye duka la vifaa vya kompyuta alikuwa binti mwenye miwani, mpole, asiyepandisha sauti. Aliichukua kadi, akaichomeka kwenye mashine yake, akawaomba wasubiri huku akihudumia wateja wengine. Duka lilikuwa jembamba, watu wamesimama bega kwa bega. Mama Picha alishindwa kusimama mahali pamoja. Alitazama flashi zilizoning'inizwa ukutani, akasoma namba zake, akarudi mezani, akaenda tena. Stoo alibaki mlangoni, nusu ndani nusu nje.

Binti aliporudi alieleza taratibu. Alisema kadi hiyo ilitengenezwa iseme uongo. Nafasi yake halisi ni ndogo kuliko kadi yoyote aliyo nayo dukani, lakini imefundishwa kuiambia kamera kwamba ina nafasi kubwa. Kamera nayo haina shaka, inaamini. Sehemu ya kweli ikishajaa, kadi inaendelea kupokea: inaandika jina la picha, picha yenyewe inaitupa. Aliyepiga hawezi kujua, maana kila kitu kinaonekana sawasawa mpaka siku atakapofungua.

"Zinaweza kurudishwa?" Mama Picha aliuliza.

"Kilichofutwa kinaweza kurudishwa, mama. Hizi hazikuwahi kuingia."

Alizijaribu na zile flashi mbili, nazo zikawa za ukoo uleule. Kisha akauliza, kwa nia njema kabisa, ni nani aliyevinunua, ili amweleze namna ya kutambua. Duka zima lilikuwa limesikiliza. Mama Picha hakujibu kwa mdomo. Aliinua kidevu kuelekea mlangoni, na watu wote wakageuka kumtazama Stoo. Mtu mmoja akacheka kwa pua. Mwingine akasema kwa sauti ya chini kwamba wanaume wengine wakitumwa sokoni hurudi na pakiti tupu.

Stoo alisogea mbele, akasimama mbele ya meza, akasikiliza maelezo yote kama aliyeandikishwa darasani. Kadi mpya usiiamini kwa maandishi ya mgongoni. Ijaze kwanza kwa vitu visivyo na thamani mpaka pomoni, kisha uvifungue kimoja kimoja. Kama vyote vitafunguka, ndipo uipeleke kazini. Kadi mbili ndogo ni bora kuliko moja kubwa, kwa maana moja ikifa, nyingine imebaki na nusu ya sherehe. Na picha ziwekwe mahali pawili, na hapo pawili pasiwe nyumba moja, kwani mwizi na moto havibagui droo. Stoo alitikisa kichwa kwa kila neno. Akauliza swali moja, la maana, kuhusu flashi: je, zinafaa kuhifadhia kwa miaka? Binti akamjibu kwamba flashi ni ya kubebea, si ya kulazia. Mama Picha alinunua kadi mbili ndogo, binti akazijaza na kuzipima mbele yao, na wakatoka.

Walirudi kwa miguu. Mume alitembea nyuma kidogo, jambo ambalo hakuwa na desturi nalo.

*

Simu ya Bibi Mkunga ilikuja kesho yake. Alisema hataki kumharakisha mtu, ila Dereva anaondoka na lori keshokutwa, safari ndefu, na kabla hajaondoka angependa aione picha ukutani. Kisha akashusha sauti. Wale wawili, alisema, walipeana mikono Jumamosi, na haikufika wiki wameanza tena kupitana kama mtu apitaye nguzo. Dereva alionekana kibandani na futi ya kupimia, Seremala akauliza anapima nini, na basi. Ndiyo maana anaitaka picha. Kila mmoja akiingia kwake aione, akose pa kuangalia.

Mama Picha alisema haina shida. Maneno yalimtoka yenyewe, kama kikohozi.

Alikaa mbele ya kompyuta mchana kutwa. Asubuhi ya sherehe alikuwa amempiga Seremala akiwa amesimama kwenye nguzo, na Dereva akiwa ameegemea ukuta, na bibi akiwa katikati ya ua. Aliwakata mmoja mmoja kwa uangalifu, akawasogeza, akalinganisha vivuli, akafanya mwanga wa asubuhi uwe wa jioni. Alikuwa fundi, hilo hakuna aliyelikana. Kufika alasiri ndugu wale walikuwa wamesimama bega kwa bega, mama yao katikati, na mkono umeshikana na mkono.

Stoo alikuja na kikombe cha chai, akakiweka pembeni.

"Huo mkono wa nani?" aliuliza.

Mama Picha alikuwa ameazima mkono wa jirani mmoja aliyekuwa akipokea sahani. Alivuta picha karibu, akalainisha ukingo wa kiganja.

Stoo alisimama pale, akijikuna shingo, kama asiyejua kama anaruhusiwa kusema. Mwishowe alisema, "Kule stoo ya kiwanda tulikuwa na sheria moja. Ukiandika mzigo ambao haumo, iko siku mtu atakuja kuuchukua."

"Hilo ulilijua lini, mwenzangu? Kabla ya kununua kadi, au baada?"

Aliposema hivyo alijua amempiga palepale alipokuwa amelenga. Stoo alichukua kikombe ambacho hakikuwa kimenywewa, akatoka nacho. Mama Picha akabaki na picha yake. Ilikuwa nzuri. Ubaya wake ulikuwa kwamba kila alipoitazama, jicho lilikwenda kwenye ule mkono, mkono wa mtu anayesubiri sahani.

Hata hivyo aliisafisha, kubwa, akaitia kwenye bahasha ngumu.

*

Asubuhi alipoamka, upande wa pili wa kitanda ulikuwa mtupu na viatu vya Stoo havikuwepo mlangoni. Alijiambia amekwenda kunyoosha miguu. Halafu akajiambia amekimbia aibu, amwachie yeye msalaba wote, na hasira ikampa nguvu ya kuoga haraka na kuvaa. Alichukua bahasha. Alipofika mlangoni alirudi akachukua na mfuko wa kamera. Baadaye alisema hajui kwa nini, isipokuwa mkono ulizoea.

Alimkuta Stoo kwa Bibi Mkunga. Alikuwa amekaa kwenye benchi kibarazani, kofia mapajani, na bibi amekaa kwenye kiti chake cha kamba akimenya machungwa.  Mama Picha aliamkia, bibi akaitikia, akamwonyesha pa kukaa. Stoo hakuinua macho.

"Mumeo amenieleza," bibi alisema. "Kadi aliinunua yeye. Picha haipo."

Mama Picha alihisi bahasha ikiwa nzito. Alitaka kuisukuma nyuma ya mfuko, lakini Bibi Mkunga alikuwa ametumia maisha yake yote kutazama wanawake wanaoficha maumivu, na macho yake yalikuwa yameshafika.

"Na hiyo?"

Hapakuwa na pa kukimbilia. Alimpa. Bibi alijifuta vidole, akaitoa picha, akaisogeza karibu na uso, akaisogeza mbali. Alimtazama mwanawe mkubwa, akamtazama mdogo, akajitazama mwenyewe. Kisha kidole chake kikatua juu ya ile mikono, kikabaki hapo.

"Mimi nimezalisha watu mpaka nikapoteza hesabu," alisema. "Nimepokea wa miguu mbele, nimepokea mapacha. Sijawahi kumuunga mtoto mkono wa mwingine."

Hakuisema kwa ukali, na hilo ndilo lililomfanya Mama Picha ashindwe kuzuia machozi. Alisema alikuwa ameogopa. Alisema kosa la kutoipima kadi ni lake pia, maana mpiga picha ni yeye, na tangu sherehe ile kadi ilikuwa imelala kwenye droo bila kufunguliwa, yeye akihangaika na picha za vitambulisho. Stoo alifungua mdomo kumtetea, bibi akamzuia kwa kisu cha machungwa.

"Haya, mmemaliza kugawana kosa? Kila mtu ana fungu lake. Sasa nitafutieni simu yangu."

Aliwapigia wanawe, mmoja baada ya mwingine. Hakuwaeleza lolote. Kila mmoja alimwambia maneno yaleyale: njoo sasa hivi, nakuhitaji. Kisha akaendelea kumenya machungwa, na Mama Picha akatoka uani akawa anazunguka. Mara avute kiti kivulini, mara akirudishe juani. Alitia kadi mojawapo ya zile mpya kwenye kamera, akaitoa, akaitazama, akairudisha.

Seremala alifika wa kwanza, vumbi la mbao kichwani, akidhani mama ameanguka. Dereva aliingia nyuma yake, funguo za lori mkononi, akidhani hivyohivyo. Walipomkuta mzima, anakula chungwa, wakasimama kila mmoja upande wake wa ua. Bibi alijikokota mpaka kwenye kiti alichowekewa katikati, akakaa, akasema: "Picha yetu imepotea. Huyu bwana atawaeleza."

Stoo alisimama mbele yao. Mama Picha, aliyekuwa nyuma yake hatua chache, aliona shingo ya mumewe ikilowa jasho. Alieleza yote bila kujitetea: boneti ya gari, pakiti inayong'aa, uongo wa kadi.  Kisha Seremala akauliza, kwa sauti ya mtu anayejizuia, kama ni kweli kwamba kazi ya siku ile nzima ilitegemea kitu kilichonunuliwa barabarani. Stoo akasema ni kweli. Dereva akasogea mbele, akasema hata yeye hanunui tairi bila kuigonga, sembuse kitu cha kuhifadhi sura ya mama yake. Seremala naye akasogea. Akasema yeye hanunui ubao bila kuupindua. Dereva akasema ndiyo hapo sasa. Seremala akasema mtu mzima kabisa.

Walikuwa wamefika kila mmoja kwenye bega moja la kiti cha mama yao bila kujua.

Mama Picha alikuwa na kamera kifuani. Alipiga goti. Aliifyatua mara moja, kisha tena, na mlio ule Stoo aliusikia. Hakugeuka. Lakini mabega yake, ambayo yalikuwa yameanza kurudi nyuma kama ya mtu anayetaka kuomba radhi na kuondoka, yalitulia.

"Lakini ndugu zangu," alisema, "ni picha tu. Mlikuwa mmesimama pale kwa dakika moja."

Mkewe alimjua. Stoo si mtu wa kusema neno la kipuuzi kama hilo.

Ndugu wale waliwaka. Wote wawili walianza kusema kwa pamoja, na kwa pamoja wakasimama ili mwenzake aseme, na kwa pamoja wakaanza tena. Seremala aliuliza kama bwana huyu anajua dakika ile ilimgharimu mdogo wake kiasi gani. Alisema "mdogo wangu", na hakuonekana kujisikia akilisema. Dereva alisema kaka yake ni mtu mgumu, haji kwa kubembelezwa, na siku amekuja, mtu anakwenda kuitia kwenye kadi ya boneti. Alikuwa ameshika bega la Seremala kwa mkono wenye funguo, akilitikisa, kama anayeonyesha bidhaa. Seremala aliuacha mkono pale. Stoo aliinamisha kichwa, akaongeza ujinga mwingine kidogo ulipohitajika, akapokea yote. Na katikati yao mama yao alianza kucheka, kwanza kwa tumbo, kisha kwa mabega, mpaka chungwa likamponyoka.

Mama Picha hakusimamisha kidole. Machozi yalimziba jicho moja, akatumia lingine.

*

Walirudi nyumbani mchana, Stoo amebeba mfuko wa kamera. Hawakuwa wameagwa kwa maneno matamu. Dereva alikuwa amesema tu kwamba safari hii akikuta mwanya, atamtafuta huyo muuza kadi wa boneti, na Seremala akaongeza kwamba fremu ataitengeneza mwenyewe, maana hamwamini mtu tena na kitu cha kununua.

Wakiwa njiani Mama Picha alipunguza mwendo mpaka mumewe akawa sambamba naye.

"Pale dukani," alisema, "nilikuonyesha kwa kidevu."

"Niliona."

"Haikuwa haki."

Stoo alihamisha mfuko kutoka bega moja hadi jingine. Alisema wale watu wa dukani hawamdai kitu. Kisha akasema kilichomuuma ni kuambiwa akae, kwa kuwa tangu kiwanda kifungwe hilo ndilo neno alilokuwa akiliogopa, na hakutegemea litoke nyumbani.  Mama Picha alimshika mkono, wakatembea hivyo mbele za watu, jambo ambalo nalo hawakuwa na desturi nalo, mpaka wakafika.

Hawakula kwanza. Walifungua picha moja moja, Stoo akisoma jina, Mama Picha akibonyeza, na kila jina likaitika. Wakazinakili mahali pawili, na pa pili Stoo akapapeleka mwenyewe kwa dada yake, mtaa wa tatu, akasimama mlangoni mpaka alipoona kabati limefungwa.

Picha waliyoichagua iko ukutani kwa Bibi Mkunga hadi leo, ndani ya fremu ya mti mgumu. Si ile ya kupeana mikono. Ndani yake wanaume wawili wameinama mbele, nyuso zimekunjwa kwa namna moja, midomo wazi, mmoja amemkamata mwenzake bega, na kati yao bibi kizee anacheka hana meno. Kibanda cha useremala bado hakijasogezwa, na chumba cha Dereva bado hakijajengwa; hilo wanaliongea, na wakati mwingine wanaligombea. Lakini wanaligombea wakiwa mezani. Wageni wakiingia huisogelea picha ile na kuuliza hao vijana wamekasirikia nini, na bibi huwajibu palepale kwenye kiti chake cha kamba.

"Walikuwa wanamgombeza mtu," huwaambia. "Walimgombeza pamoja."